Mwenye Mzigo Hasimami

Mwezi uliopita Sista Eliwaza alinipigia simu kuniambia kwamba amestaafu, kwamba Jumamosi watu wachache watakula pilau nyumbani kwake juu ya mji wa Lushoto, na kwamba nisipofika diploma yangu atamlisha mbuzi. Asiyemjua angedhani anatania. Mimi nilijua kwamba diploma yangu anayo kweli, ndani ya fremu yake ya mbao, na kwamba imekaa kwake tangu mwaka ule niliporudi mlimani nikiwa na miaka ishirini na sita, suruali imepigwa pasi, kompyuta begani, na kichwa kimejaa. Basi nikafunga ofisi yangu ya Tanga, ofisi ambayo naweza kusema bila kuona haya kwamba ina mafundi wanne na kibao chenye jina langu, nikaendesha gari langu mwenyewe mpaka Mombo na kuanza kupanda. Na katika kona zile, kila nilipobadilisha gia, mwaka ule ulinirudia kipande kwa kipande.

Sitasimulia nilikotoka. Inatosha kusema kwamba nilijifunza kutengeneza simu peke yangu, kwenye meza ndogo pale Muheza, katikati ya muuza machungwa na muuza iliki, na kwamba kutoka kwenye meza ile nilijisomesha mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Sikubebwa na mtu. Watu wengi wana diploma, lakini ni wachache walioandika, wakiwa bado wanafunzi, maktaba nzima ya kusafirisha mafaili. Maktaba ninayoisema si chumba cha vitabu. Ni furushi la kazi zilizokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingine inaliazima ili isianze upya kila siku. Yangu ilikuwa na kazi moja: kulichukua faili hapa, kulikata vipande, na kuvifikisha vyote kule bila kupungua hata kimoja. Kila kipande kilipotumwa, maktaba ilinyamaza ikasubiri upande wa pili useme "nimepokea", ndipo ikatuma kinachofuata. Siku ya mtihani mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini nimeifanya isubiri hivyo. Nikamjibu kwamba si adabu kumsemesha mtu tena kabla hajakujibu. Darasa zima lilicheka, nami sikuona cha kucheka. Faili lilikwenda kutoka kompyuta ya mstari wa kwanza hadi ya mstari wa mwisho kabla mwalimu hajamaliza kuvuta kiti, na nikapata alama za juu kuliko wote. Hapo sijisifu, imeandikwa.

Iliyoniajiri niliporudi ilikuwa kliniki ndogo ya macho pale mjini, nyumba ya zamani yenye bati jekundu na baraza pana la wagonjwa. Walikuwa na mashine ya kupiga picha nyuma ya mboni, kitu cha ajabu, jicho la mtu linatokea kwenye kioo likiwa jekundu kama machweo na mishipa yake kama mito kwenye ramani. Picha sita kwa kila mgonjwa, tatu kila jicho. Sista Eliwaza ndiye aliyezipiga, na yeye ndiye aliyekuwa kila kitu pale: muuguzi, msimamizi, mtunza funguo, na mwimbaji. Picha zilitakiwa zimfikie daktari bingwa aliyekuwa mjini Dar es Salaam, ambaye alizitazama Alhamisi tu, tena mpaka saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo aliingia chumba cha upasuaji. Kazi yangu ilikuwa kuzifikisha. Nilipewa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, kikinuka spiriti na mapeasi yaliyoiva, maana wagonjwa waliileta shukrani yao kwa ndoo. Juu ya kompyuta, mahali ambapo kila anayeingia angepaona, niliitundika diploma yangu. Mzee Singano, mlinzi, alisimama mlangoni akaitazama kwa muda mrefu.

"Mgoshi," akasema, kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume, "umeitundika vizuri sana. Ila umechagua nyumba pekee ya mji huu ambayo wanaoingia hawaoni."

Tatizo lilianza wiki ya kwanza. Picha moja ilichukua dakika ishirini kufika. Ishirini kwa picha sita ni saa mbili kamili kwa mgonjwa mmoja, na Alhamisi tulikuwa na wagonjwa wanane au tisa. Na ajabu ni kwamba kuvuta kitu kutoka mtandaoni hakukuwa na taabu yoyote. Mchana tulipokaa jikoni kula makande, mahindi na maharage yaliyochemka tangu alfajiri kwenye sufuria yenye mpini mmoja, Sista Eliwaza alifungua simu yake kwa mtandao ule ule wa kliniki, na video ya kwaya ikaanza kuimba kabla hajapuliza kijiko chake.

"Hebu niambie, Diploma," alisema. Tangu siku ya pili hakuniita tena Hoza, jina langu. "Kwaya nzima, na wapiga vinanda wao, na majoho yao, wamepanda mlima mpaka hapa kwa kufumba na kufumbua. Jicho moja la mzee wa watu linashindwaje kushuka?"

"Ni mnara, Sista."

"Mnara."

"Mnara na ukungu. Sehemu kama hizi mtandao haujatulia. Chuoni maktaba hii ilikuwa inakimbia."

"Ningezibeba hizo picha kwa miguu," alisema Mzee Singano akiwa ameinamia bakuli lake, "saa hizi niko Mombo nakunywa soda."

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Jioni ile niliamua kuwaonyesha. Nilifikiri kama mtu wa mlimani: mzigo mdogo hupanda upesi kuliko mzigo mkubwa. Basi nikavipunguza vipande ukubwa. Badala ya kuikata picha vipande elfu moja na mia mbili, nikaikata elfu mbili na mia nne, vidogo vyepesi, nikavitazama kwa fahari kama baba anayetazama watoto wake wakienda shule. Nikamwambia Sista kwamba nimetengeneza. Ninaandika haya leo nikiwa mtu mzima, na bado masikio yananiwaka moto.

Katikati ya mambo hayo ndipo alipokuja Bibi Mwanahamisi. Alitoka vijiji vya upande wa Mlalo, mama mfupi mwenye kanga mbili na kicheko cha kijana, mwenye kisukari cha miaka mingi. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limeanza kuingiwa na vidoa alivyovieleza kuwa ni kama mtu amenyunyiza maji ya masizi kwenye kioo. Sista Eliwaza alituambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba likitibiwa mapema lingeweza kubaki, na likichelewa ndiyo basi. Lakini wanawe walikuwa wamesema hawawezi kumpeleka mama yao Dar es Salaam kwa kubahatisha. Wanataka neno la bingwa kwanza. Na neno la bingwa lilihitaji picha sita.

Alhamisi ya kwanza picha zake zilianza kuondoka saa nne na nusu. Saa sita ilipogonga zilikuwa zimefika nne. Bingwa aliandika kwamba hawezi kuamua kwa picha za jicho moja na sehemu ya lingine, zitumwe zote Alhamisi ijayo. Alhamisi ya pili, nikiwa tayari nimeshafanya utengenezaji wangu, zilianza saa ile ile. Zilifika mbili. Sista aliingia chumba cha nyuma, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akaiangalia diploma ukutani.

"Tangu uitengeneze," akasema taratibu, "imekuwa nzito zaidi."

"Leo ukungu ni mwingi, Sista."

Akaenda dirishani, akafungua pazia. Jua lilikuwa linawaka mpaka misonobari ilikuwa inang'aa. Akaliacha wazi, akatoka. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Bibi Mwanahamisi hakuweza kurudi kwao mchana ule. Dawa wanayotiwa wagonjwa ili mboni ifunguke humfanya mtu asione vizuri kwa saa kadhaa, na yeye jicho lenyewe alikuwa nalo moja tu. Sista akampeleka kwake, ile nyumba ya juu ya mji, akanialika na mimi chakula cha jioni, nadhani ili nikae meza moja na huyo niliyemwangusha. Tulikula ugali na kabichi iliyopikwa kwa karanga. Bibi alikuwa akiipapasa sahani kutafuta mboga, na kila alipoipata alicheka kana kwamba ameokota kitu njiani.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "usihangaike. Nimekuja mara mbili. Alhamisi ijayo siji. Nimeona mengi jicho lilipokuwa zima, nitakumbuka hayo."

Niliwahi kushindwa mambo mengi Muheza, simu zimenifia mkononi, lakini hakuna simu iliyowahi kunisamehe.

Asubuhi Sista aliniagiza nije nimshike mkono Bibi nimpeleke stendi, awahi gari la kwanza. Njia ya kutoka kwa Sista ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu na upande mwingine karoti za watu chini kabisa. Saa ile imejaa wanawake wanaoshusha mazao kwenye malori ya mboga yanayopakia barabarani: ndoo za mapeasi kichwani, viroba vya karoti, kabichi zimefungwa kwenye kanga mgongoni. Mimi tangu nirudi nilikuwa na msimamo mmoja ambao niliuona ni mzuri sana. Sikutaka mtu yeyote aseme kwamba diploma imenila adabu. Kwa hiyo nilimsalimia kila mtu mzima kwa ukamilifu. Nilisimama, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo, nikasubiri marahaba, nikauliza ya nyumbani, nikasubiri, nikauliza ya watoto, nikasubiri, ndipo nikasogea kwa anayefuata. Nilifanya hivyo na mama wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Nilipofika kwa wa nne nilisikia mtu akigonga ndoo nyuma yangu.

"Nani huyo amesimamisha njia?"

"Si yule Diploma wa kliniki."

"Mwambieni asogee, mapeasi yangu yataiva hapa hapa!"

Wakacheka njia nzima, juu na chini. Nikajibana ukutani na Bibi, wakaanza kupita. Na hapo niliona jambo ambalo nilikuwa nimeliona tangu nikiwa mtoto bila kulitazama. Kwetu mwanamume habebi ndoo kichwani, kwa hiyo sheria za wabeba ndoo sikuwahi kufundishwa. Mama wa kwanza alimpita Bibi akisema "Shikamoo Bibi" huku miguu ikiendelea. Hakusimama, wala hakupunguza mwendo. Marahaba ya Bibi ilimfikia mgongoni akiwa ameshatangulia hatua nne, na wakati huo yeye alikuwa ameshamsalimia mzee mwingine aliyekaa kwenye jiwe huko mbele. Nyuma yake akaja wa pili, wa tatu, wa nne. Shikamoo zilitangulia zikifuatana, marahaba zilifuata zikifuatana, na njia ikawa inatembea.

"Bibi," nikasema, "hawa wanakupita kama magari. Hawasubiri hata uwajibu."

Bibi Mwanahamisi akacheka kile kicheko chake. "Wewe umelelewa wapi? Mwenye mzigo hasimami. Anasalimia huku anakwenda, na jibu litamfuata njiani. Akisimama kwa kila mtu, lori si limeondoka?"

"Na kama hukumsikia? Kama hukumjibu?"

"Atajua. Unafikiri hahesabu? Akifika chini atasema, fulani na fulani wamenijibu, yule bibi mwenye kanga ya bluu hakunijibu, sijui hakunisikia. Akirudi na ndoo tupu ananitafuta mimi peke yangu, ananisalimia upya. Wale waliojibu hawarudii, wameshamaliza." Kisha akanifinya mkono. "Adabu si kusimama, mjukuu wangu. Adabu ni kukumbuka nani hajajibu."

Nilijisahau nikasogea katikati ya njia mpaka mtu wa kiroba akanisukuma kwa kiwiko. Nilikuwa ninaiona maktaba yangu. Niliiona imeinamisha kichwa kwa kila kipande, imeshika kofia mkononi, inasubiri marahaba itoke Dar es Salaam. Kipande chenyewe kinaondoka kwa kufumba macho. Jibu ndilo linalochukua sekunde nzima, linashuka mlima, linakwenda mjini, linarudi. Chuoni jibu lilitoka mstari wa mwisho wa darasa, halikuwa na safari. Vipande elfu moja na mia mbili ni sekunde elfu moja na mia mbili, yaani dakika ishirini za kusubiri tu. Na nilipovifanya vidogo nikaviongeza idadi, nilikuwa nimeongeza watu wa kusimama na kuwangoja njiani. Mnara haukuwa na kosa, wala ukungu; kwaya ya Sista ilipanda upesi kwa mnara huo huo kwa sababu vipande vyake havikusimama kusubiri kila jibu. Kosa lilikuwa mstari mmoja nilioupenda kuliko yote, na niliuandika mimi.

Ningeweza kusema hayo pale pale. Nilikuwa kijana, na badala yake nilifanya nililolizoea, nikajigamba. Tulipofika stendi, konda ameshaanza kuita Mlalo, Sista Eliwaza naye ameshatufuata na kikapu cha Bibi tulichokisahau, nikasema kwa sauti ya kusikika na stendi nzima: "Bibi, njoo Alhamisi. Picha zako zote sita zisipofika kabla ya saa tano, naichana diploma yangu mbele yako."

Watu wakapiga mluzi. Konda akasema hiyo siku na yeye atakuja kuangalia.

"Utaichana kweli?" Bibi akauliza kutoka dirishani.

"Kweli."

"Haya. Nitakuja, nisikie karatasi inavyolia."

Sista hakucheka. Tuliporudi kliniki alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaivua fremu ukutani, akaifungia kwenye kabati la dawa na kuuweka ufunguo mfukoni. "Mtu akiweka ahadi," alisema, "kitu cha ahadi hakikai kwake."

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu anayechimba kisima huku mkono wa mtu umeshika shingo yake. Nilianza Ijumaa ile ile. Nikauondoa ule mstari wa kusubiri, nikaiacha maktaba iviachie vipande vyote elfu moja na mia mbili kwa mpigo, bila kumngoja mtu. Jumatatu tulijaribu kwa picha ya jicho la Mzee Singano, aliyejitolea kwa masharti ya kutotiwa dawa. Ilifika kwa muda mfupi mno, nikaruka juu. Kisha yule aliyekuwa upande wa pili, msaidizi wa bingwa kule Dar es Salaam, akatuma nakala ya alichokipokea. Jicho la Mzee Singano lilikuwa na mistari myeusi iliyolikata katikati kama pundamilia.

"Ndiyo maana sioni vizuri usiku," alisema mwenyewe.

Nilikuwa nimeishika nusu ya somo. Nilikuwa nimejifunza kutosimama, nikasahau kuhesabu. Vipande vingine vilipotelea njiani na maktaba haikujua, ilikuwa imeshapita ikiimba. Jumanne na Jumatano nikaandika nusu ya pili. Nikaifanya itume vipande vinane mbele bila kusubiri, vinane tu, kwa sababu hata mbeba ndoo hawezi kukumbuka kijiji kizima. Kila jibu moja likirudi, kipande kingine kinaondoka. Na nikaipa daftari lake dogo la kichwani: nani amejibu, nani bado. Asiyejibu kwa muda fulani anasalimiwa upya, yeye peke yake. Niseme wazi, kuandika jambo hilo bila kulikoroga si kazi ya kila mtu. Nililiandika kwa siku mbili, na mpaka leo hakuna aliyelibadilisha. Jumatano saa kumi jioni jicho la Mzee Singano lilifika zima, kwa dakika mbili na nusu, na mwenyewe akaomba achapiwe nakala ampelekee mkewe.

Alhamisi Bibi Mwanahamisi alishuka kwenye gari na nusu ya abiria wakamfuata, konda akiwa mbele. Baraza lilijaa watu ambao hawakuwa wagonjwa wa chochote. Sista alipiga picha sita. Nikabonyeza. Chumba kizima kilikuwa kikinisikiliza nikihesabu. Ya kwanza imefika. Ya pili imefika. Kwenye ya nne mshale unaoonyesha mwendo wa picha kwenye kioo ukasimama, mtandao ulikatika kidogo, na konda akasema kwa furaha, "Leteni diploma!" Nikaona vipande vitatu havijajibiwa. Nikaona maktaba yangu ikivirudia hivyo vitatu, hivyo tu, kisha mshale ukatembea tena. Robo saa baada ya ya kwanza kuondoka, ya sita ilikuwa Dar es Salaam. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa tano kasoro bingwa akaandika: huyu mama aje wiki hii, jicho la kushoto bado linawahika. Sista alimsomea mara mbili. Bibi akasema, "Kwa hiyo karatasi haichanwi? Nimetoka Mlalo bure." Watu wakacheka mpaka mwingine akamwagia mwenzake chai.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli ambao sikuusema siku ile. Waliniuliza nilifanyaje, nami nikasema nimeupata ugonjwa wa mnara nikauzunguka. Nilisema hivyo kwa Mzee Singano, kwa konda, na kwa msimamizi aliyekuja kutoka mkoani kunipa mkono. Sista Eliwaza alikuwa amesimama pembeni na ufunguo wa kabati mfukoni. Wageni walipoondoka nilimwomba diploma yangu.

"Ahadi umetimiza," alisema. "Lakini nitakurudishia siku utakaponiambia kwa mdomo wako kosa lilikuwa wapi."

"Nimeshasema, Sista. Mnara."

"Sawa, Diploma. Itakaa."

Ikakaa. Mwaka ukaisha, nikaenda Tanga kuanzisha kazi yangu, na kila nilipompigia simu sikukuu aliuliza, "Umekumbuka?" nami nikasema laini ni mbaya, simsikii.

Jumamosi ile nilimkuta uani, amevaa gauni la kitenge jipya, mvi kichwa kizima. Pilau ilikuwa kwenye masufuria matatu, watu wamekaa kwenye mabenchi ya kanisani na mikeka ya msikitini, maana kila upande ulileta vyake. Fremu ilikuwa juu ya meza, kati ya keki na maua. Waliponiita niseme neno, nilikuwa nimejiandalia hotuba kuhusu kampuni yangu. Nikaanza nayo. Katikati nikaitazama ile fremu, nikasikia mdomo wangu ukisema jambo lingine: kwamba mnara haukuwa na kosa, kwamba kosa niliandika mimi mwenyewe na nikapewa alama za juu kwa kosa lile, na kwamba aliyenisahihisha hakuwa na diploma. Kisha Mzee Singano, ambaye sasa anatembelea fimbo, akasema, "Mimi nilijua. Mnara hauwezi kuwa na majivuno kiasi kile." Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Sista Eliwaza akanipa fremu yangu kwa mikono miwili, akanikumbatia, kisha akasema sikioni mwangu, "Vizuri, mdogo wangu. Sasa iweke chini ukabebe soda, wazee wana kiu."

Kreti zilikuwa kwenye gari barabarani. Nikaibeba ya kwanza begani, nikaingia nayo uani kupitia kwenye mstari wa wazee waliokaa kando ya ukuta. Sikusimama. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamoo bibi. Shikamoo mzee." Marahaba zikaanza kunifikia mgongoni, moja baada ya nyingine, nami nikazihesabu. Nilipoitua kreti kule mwisho nilijua marahaba imepungua moja. Nikarudi mikono mitupu mpaka katikati ya mstari, kwa bibi mmoja mfupi mwenye kanga mbili, nikainama mbele yake.

"Shikamoo, Bibi. Hukunijibu."

Bibi Mwanahamisi akaniangalia kwa jicho la kushoto, kutoka viatuni mpaka usoni, bila haraka.

"Nilitaka nione kama utarudi," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu. Kifungo cha shati lako cha pili umekosea tundu. Haya nenda, kreti bado ziko nyingi."